Mikwa kwenye Ukuta wa Askari

Ukiniuliza Askari alikuwa mtu wa namna gani, nitaanza na mluzi, maana tuliusikia huo kabla ya kumwona mwenyewe. Kila asubuhi na kila alasiri, akipanda kilima chetu au akishuka, alipiga mluzi wimbo uleule mmoja wa kanisani, na aliupiga vibaya. Mahali wimbo unaposhuka, yeye alipanda. Akina mama waliokuwa juu wakivunja kuni wakiusikia tu walilala chini ya vichaka pamoja na mizigo yao, wakingoja upite. Sasa wewe niambie, ni askari gani wa msitu anayewapigia wezi mluzi ili wajue yuko njiani?

Jambo hilo lilibishaniwa sana kwetu. Shangazi yangu alisema mtu yule ni mjinga, basi, tusitafute mengine. Mama alisema ni maringo: anataka watu wamkimbie hata kabla hajafika. Mimi nilikuwa na maoni yangu, lakini ndio kwanza nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na hakuna aliyeniuliza.

Tulimwita Askari tu. Jina alikuwa nalo, na wala halikuwa gumu, ila halikushika. Alitoka Kivaa, kwa hiyo alikuwa Mkamba kama sisi na alielewa kila tusi alilotupiwa mgongoni. Serikali ilimpa koti la kijani lililomzidi, lenye mifuko mipana, na buti ambazo kamba zake zilikatika mapema akazifunga kwa katani. Alikaa peke yake kwenye nyumba ya mabati chini ya kilima. Mke wake alibaki Kivaa na shamba, akaja kumtazama mara mojamoja, akarudi.

Kilima chenyewe si kikubwa. Kiko upande wetu wa Masii, na ukikiona leo utadhani kimekuwa kijani tangu dunia iumbwe. Katika miaka ya tisini hakikuwa hivyo, kilikuwa kikinyolewa. Chini yake kulikuwa na chemchemi iliyotunywesha sisi na mifugo yetu, na kila mwaka ilipungua kidogo, ikawa unakinga mtungi, unasuka nywele za mtoto, unamaliza, mtungi bado. Kila mtu alijua kwamba kilima kikiisha na maji yameisha, na tutakuwa watu wa kufuata mto na punda mchana kutwa. Tulijua, na bado tulipanda kuvunja kuni. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hukaa motoni tangu asubuhi, na moto wake ni wa kuni.

Askari hakuwa na kuni hata moja nyumbani kwake. Alipikia stovu ya mafuta taa. Chai yake ilinuka mafuta taa, ugali wake ulinuka mafuta taa, na wale waliowahi kupitia kwake kuulizia kitu wakapewa kikombe walitoka wakitema mate njia nzima. Mtu analinda msitu mzima na hachukui kijiti cha kuchokonolea meno! Hilo liliwaudhi watu kuliko ukali wake. Askari wa kabla yake alikula, tena alikula vizuri, na tulielewana: unapeleka kuku, unashuka na kuni zako, salamu kwa nyumbani. Huyu alipelekewa kuku na jirani yetu mmoja, jogoo mzuri mwekundu, akamtazama yule jogoo, akamtazama jirani, akasema, "Mama, huyu si atawika hapa kwangu kesho, watu waulize ametoka wapi?" Akamrudisha. Jirani alishuka na jogoo kwapani akilia kwa hasira.

Miti hakuijua. Hili nalisema bila kumwonea. Hakuweza kutofautisha mukau na muuku, na mti wowote uliomgusia kidole ulikuwa na jina moja kwake: "mali ya serikali." Huu? Mali ya serikali. Ule wenye miiba? Mali ya serikali. Tulipokuwa tukicheza, mmoja wetu akijifanya Askari, alisimama miguu imeachana akanyooshea kidole mbuzi, kuku, hata nyanya ya mtu aliyejipitia, na kila kitu kikawa mali ya serikali.

Lakini neno lake hasa, lile ambalo hata leo ukilisema kwetu kina mama wazee wanageuka, lilikuwa "Weka chini."

Lazima nieleze mukwa ni nini, maana vijana wa leo wanabeba kila kitu kwa pikipiki. Mukwa ni ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mrefu, mpana katikati pale unapokaa juu ya paji la uso. Unafunga mzigo nao, kuni au mtungi wa maji, unauweka mgongoni, ukanda unapita kichwani, unainama, unatembea. Mwanamke wa Kikamba wa umri wa mama yangu alikuwa na mukwa mmoja, wake, na ukimgusa kichwani ungesikia kwa kidole mahali mukwa ulipochimba. Wa mama yangu ulikatwa na baba yake mwenyewe kutoka kwa ngozi ya fahali aliyechinjwa siku ya posa. Alikuja nao kwa baba yangu kabla ya kuja na sufuria.

Askari akimkamata mtu hakumpeleka mahakamani. Wenzake wa vilima vingine walipeleka. Yeye alisimama njiani, koti limefungwa hadi shingoni, akasema, "Weka chini." Mama anashusha mzigo. Askari anainama, anaufungua mukwa polepole, anauviringisha, anautia mfukoni. Kuni anaziacha palepale. "Kuni beba ukitaka," anasema. Mama anabaki na rundo la kuni na mikono mitupu, anafunga kwa kamba ya katani inayomkata paji la uso, anashuka hivyo mbele ya watu. Nyumbani kwa Askari mikwa ilitundikwa kwenye misumari ukutani, na ukipita njia ya chini, mlango ukiwa wazi, uliiona.

Siku moja shangazi alimuuliza kwa nini asichukue panga, kama askari wengine.

"Panga utanunua kesho dukani," alisema. "Mukwa utakaa ukiufikiria."

"Si unipeleke kotini basi!"

"Nikikupeleka Machakos watoto watakula kwa nani? Nenda nyumbani, mama."

Alidhani ni huruma. Kusema kweli ilikuwa huruma, nimekuja kuiona hivyo nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Lakini alikuwa Mkamba, alizaliwa na mwanamke mwenye mukwa, na alijua vizuri sana alichokuwa akikitia mfukoni. Koti lilikuwa la serikali, ila ile akili ya kuchukua mikwa ilikuwa yake mwenyewe, na mimi kwa hilo nilimchukia kwa moyo wangu wote kwa miaka.

Mama alinyang'anywa wake siku ya upepo. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwetu kwenda juu alikokuwa Askari, kwa hiyo mluzi haukumfikia. Nilikuwa naye. Aliposikia "Weka chini" alisimama kwanza, ameinama vilevile na mzigo, akimtazama Askari kutoka chini kama anayehesabu vifungo vya koti. Kisha akashusha. Askari alipoanza kufungua fundo, Mama akasema, "Huo umekatwa na baba yangu."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia na unachukua?"

Askari alimaliza kulifungua fundo. Aliuviringisha. Nilimwona akiupitisha kidole gumba katikati, pale palipolainika kwa kichwa cha Mama, halafu akautia mfukoni. Tulishuka bila kuni. Mama hakutaka kuzibeba kwa katani, alisema ziliwe na mchwa.

Wengine walikwenda kumwomba. Walisimama mlangoni pake wakasema pole, hatutarudia, na baadhi yao walirudishiwa baada ya kuhubiriwa. Mama alisema hataomba. Alikunja kitambaa akaweka chini ya kamba ya katani, na kwa miaka iliyofuata paji lake la uso likawa na mstari mwekundu ambao haukupona. Baba alitaka kumkatia mukwa mwingine. Mama akamwambia, "Wangu uko. Sijafiwa nao."

Sasa, kilima. Wakati huo wote Askari alipita njia zetu, za upande wetu, maana ndiko waliko wanawake wa kukamata. Upande wa pili hakuna nyumba, hakuna njia za miguu, ni barabara moja mbovu, mawe na miti mikubwa, na hakuona sababu ya kwenda huko. Basi watu wa makaa wakaingia kwa upande huo. Hawakuwa watu wetu. Walikuja na malori, wakakata miti mizima, wakachoma, wakapakia. Moshi tuliuona. Malori tuliyasikia yakipanda kwa gia kubwa. Mzee mmoja aliyelisha mbuzi huko alituambia hata mahali walipolala. Mtaa mzima ulijua, na hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda kumwambia Askari.

Siku aliyogundua, alishuka bila mluzi. Tulikuwa chemchemini tukingoja mitungi ijae. Alipita katikati yetu na buti zake nyeusi kwa majivu hadi kwenye kifundo, uso umemshuka, akaenda akaketi kwenye kizingiti cha nyumba yake na kofia mkononi. Shangazi aliangua kicheko, halafu akanyamaza, kwa sababu hakuna aliyemsaidia kucheka. Mtungi uliokuwa ukikingwa haukuwa umefika hata nusu.

Chifu aliitisha baraza. Bwana Misitu alikuja kutoka Machakos mjini, kijana mwenye miwani na sauti nzuri, akatueleza kwamba sasa mambo yamebadilika, wananchi watahusishwa. Kuhusishwa! Tulitazamana. Tumekunywa maji ya kile kilima tangu tuzaliwe, nyanya zetu wamezikwa wakikitazama, na leo ndio tunaanza kuhusishwa. Alisema miche italetwa mvua za Novemba na wananchi watakipanda upya. Akaomba wa kujitolea wainue mikono. Ungesikia nzi.

Ndipo Askari akasimama, hajaitwa. Alikuwa amevua kofia.

"Nataka kuuliza kitu kimoja," akasema. "Yale malori. Mlijua?"

Chifu akakohoa. Nilimwona Mama akikaza leso kiunoni na nikajua, haya, imeanza.

"Tulijua," akasema Mama.

"Na hamkuniambia."

"Tukuje kwako tuseme nini?" Mama alikuwa amesimama sasa. "Mtu akija kwako kitu ya kwanza anaona ni mikwa zetu kwa ukuta. Nitaongea aje na wewe, na yangu inaniangalia? Ulikuwa unatuvizia sisi na vijiti vikavu. Vizia sasa hiyo majivu!"

Wanawake walipiga makofi. Bwana Misitu alitabasamu kama mtu asiyejua atabasamu au asitabasamu, akaandika kitu. Askari alivaa kofia, akaivua tena, akaketi.

Mvua ilinyesha. Miche ikaja na pikapu, imepandwa kwenye pakiti za maziwa, ikashushwa nje ya nyumba ya Askari, pikapu ikaondoka. Hakuna aliyekwenda. Sisi tulikuwa kwenye mwethya. Mwethya ni kazi ya zamu: leo kikundi kizima kinachimba kwako mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kesho kwangu, na kazi inakwenda kwa nyimbo, na anayekosekana bila sababu anaimbwa. Tulichimba tukimtazama Askari kule juu, koti la kijani peke yake kwenye kilima chote, akichimba shimo, akitia mche, akisogea. Naye tukamwimba. Shangazi alikuwa na kipaji hicho cha Mungu cha kutunga papo kwa papo, akaimba juu ya bwana harusi aliyepanda kilimani na maharusi mia na hana hata mmoja wa kumpikia, na sisi tukaitikia, na sauti zilimfikia, najua zilimfikia, maana aliinua kichwa.

Nisiseme uongo, tulifurahi. Siku ya kwanza tulifurahi sana. Siku zilizofuata ile miche iliyobaki mlangoni ilianza kulala, mvua za Novemba hazingoji mtu, na wimbo ukapungua utamu. Mama ndiye aliyeacha kuitikia wa kwanza. Aliponda udongo kwa jembe kana kwamba umemkosea.

Halafu asubuhi moja Askari akaja shambani tulipokuwa. Alibeba gunia. Alisimama kando ya mtaro, hakujua pa kuweka miguu yake, akafungua gunia na ikawa ni mikwa, yote, imeviringishwa mmoja mmoja.

"Nimewaletea," akasema. "Kila mtu achukue yake."

Wengine wakaanza kusogea. Mama akapiga jembe chini.

"Hapana! Hakuna mtu ataguza hiyo gunia. Wewe, ulichukua hivi, zote pamoja, kwa baraza?"

"Hapana, mama."

"Ulichukua kwa mtu mmoja mmoja. Basi rudisha hivyo. Ingia kwa kila mtu mlangoni, uketi, usalimie, useme hii ni yako. Nyumba haujui, uliza."

Nilidhani atatupa gunia aondoke. Mimi ningelitupa. Alilifunga, akalitia begani, akauliza nyumba ya kwanza ni ipi.

Ilimchukua siku nyingi. Kwetu huwezi kuingia mlangoni kwa mtu, ukatoa kitu, ukaondoka kama mtoza kodi. Unakaribishwa kiti. Unaulizwa watu wa kwenu. Unaletewa uji, na uji huo una moshi wa kuni za kilimani, na unaunywa. Askari aliyekula peke yake miaka yote hiyo alikunywa uji nyumba baada ya nyumba hadi koti likambana tumboni. Aliona nani ana mgonjwa ndani, nani anapikia mabua ya mahindi kwa kukosa kuni, nani ana watoto wengi kuliko alivyodhani. Kwenye boma moja bibi mwenye mukwa alikuwa amekwisha kufariki. Wanasema Askari alisimama na ule mukwa mikononi, mkaza mwana wa marehemu akampokonya akaingia ndani, na Askari alibaki uani muda mrefu, kisha akaketi chini palepale kwenye vumbi, na ikabidi wamletee kiti.

Na kwa wake wenza wawili wa ng'ambo ya bonde alifanya kosa la kukumbukwa. Mikwa yao ilifanana, mume alikuwa amekata yote miwili kutoka ngozi moja. Askari akampa mdogo wa mkubwa. Kelele zake zilisikika hadi sokoni! Mkubwa alisema sasa hata serikali imehongwa na yule mdogo. Walirushiana sahani. Askari alirudi mara tatu au nne kusuluhisha, akaketi kati yao na kuhukumu kama kadhi, na mwishowe wakapatana kwa kukubaliana kwamba yeye hana akili. Alilisimulia hilo mwenyewe baadaye, akicheka mpaka anafuta macho.

Kwetu alikuja mwisho. Mara mbili alikuja na Mama akawa ametoka kwa makusudi. Mara ya tatu alimkuta akipepeta mtama. Aliketi, akasalimia, akauliza habari za baba yangu, za ng'ombe, zangu. Halafu akautoa.

Mama aliukunjua polepole. Aliupeleka puani.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya kondoo."

"Tangu lini?"

"Tangu niuchukue. Yote nilikuwa napaka." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa nanunua kwa yule mchinjaji Msomali pale Masii. Alidhani nakula."

"Kwa nini upake?"

"Ngozi ikikauka inapasuka, Mama Mwende."

"Na ulikuwa unanuia kunirudishia?"

Askari alifikiria. Nilipenda kwamba alifikiria kwanza.

"Sikuwa nanuia," akasema. "Nilikuwa najua tu si yangu."

Mama aliuviringisha mukwa, akaukalia. Akarudia kupepeta mtama wake. Askari alikunywa uji wake akaumaliza, akasimama, akawa amefika getini ndipo Mama akamwita.

"Kesho tuko kwa kina Mutuku. Kesho kutwa tutakuja huko kwako. Na hizo mashimo zako ni fupi, miti itakufa yote. Na mafuta ya ng'ombe ndiyo mazuri, si ya kondoo."

"Nimesikia, mama."

Walikwenda mwethya mzima, na majembe, na nyimbo. Nilikuwepo. Walipanda wakaanza kumfundisha majina: huu ni mukau, huu usiuweke karibu na maji, huu ng'ombe wanaupenda. Alirudia kama mtoto wa shule na kesho yake alisahau, na hadi anastaafu aliuita muuku mukau. Lakini "mali ya serikali" haikutoka kinywani mwake tena. Akasema "wenu." Huu mti wenu. Kina mama wakaunda kamati, Mama akawa mwenyekiti, na sheria wakatunga wenyewe: kuni kavu tu, siku moja kwa juma. Askari alipendekeza Ijumaa. Walibishana asubuhi nzima, wakachagua Alhamisi, nadhani ili tu isiwe Ijumaa. Malori yalijaribu kurudi mara moja. Mtoto aliyeyasikia alikimbia hadi kwa Askari, na Askari na mwethya wakakutana na malori barabarani, majembe mabegani, na malori yakageuka.

Alistaafu katika miaka ya elfu mbili, wakati sheria mpya ya misitu imefika na kila mtu amekwisha kuhusishwa. Tulidhani atarudi Kivaa. Badala yake alijenga nyumba ndogo si mbali na ileile ya mabati, akamleta mke wake, na mke wake, ambaye miguu ilikuwa ikimuuma, akaitazama ile stovu na kumwuliza kama amekuwa akiishi kama mwizi wa mafuta ya gari. Muthokoi ikaanza kupikwa nyumbani kwa Askari. Kuni akawa anazifuata mwenyewe, kwa mukwa, kichwani, ameinama. Mwanamume kubeba hivyo kwetu ni kichekesho. Watoto walimfuata nyuma. Yeye aliwapigia mluzi.

Mara ya mwisho kukaa naye, nilikuwa nimetoka Masii, ambako nina cherehani yangu, kuja kumtazama Mama. Ilikuwa alasiri, Jumanne. Nilimkuta Askari karibu na chemchemi, ameketi kwenye jiwe, mikono mitupu, koti lake la zamani limetoka rangi. Maji yalikuwa yakitoka kwa kelele nyuma yake.

"Mwende," akasema. "Mama yako amenishika."

"Amekushika na nini?"

"Kuni. Nilidhani leo ni Alhamisi. Huyu mke wangu amelala vibaya, siku zikanichanganya." Alicheka kidogo. "Alikuwa amekaa tu hapo kwa njia. Nikafika karibu. Akasema weka chini."

Nilicheka sana. Naye alicheka, halafu akaacha, akapitisha kidole gumba kwenye kiganja chake.

"Ulikuwa wa mama yangu," akasema. "Nilitoka nao Kivaa. Hata wakati ule wa mikwa yenu, ulikuwa kwa sanduku."

Ndipo nilipomuuliza lile lililokuwa moyoni mwangu tangu darasa la nane. Nikamuuliza mluzi ulikuwa wa nini, alikuwa akiwatahadharisha watu au vipi.

Alinitazama kama anayeshangaa kwamba kuna mtu aliyewahi kulifikiria. "Nilikuwa peke yangu huko juu," akasema. "Mtu akiwa peke yake anafanya nini? Anapiga mluzi." Kisha, nilipoinuka, "Umwambie mama yako... hapana. Usimwambie kitu. Leo si ni Jumanne? Basi."

Nilipanda nyumbani nikiwa na hasira. Njia nzima nilipanga maneno. Mzee yule, miguu ile, mke mgonjwa, na kuni kavu za kupikia! Nilimkuta Mama mlangoni mwa jikoni, miguu ameinyoosha, mukwa wa Askari umelala magotini mwake kuanzia ncha hadi ncha. Kando yake palikuwa na kopo. Alikuwa akichota kwa vidole viwili, akipaka, akikunja, akipaka tena. Niliinama nikanusa. Yalikuwa ya kondoo.

"Mama, huo ulikuwa wa mama yake," nikasema.

"Ameniambia." Hakuinua kichwa. Aliukunja ukanda katikati akanionyesha nyufa ndogondogo, ngozi imekauka kama udongo wa kiangazi. "Angalia hii. Miaka yote anapaka ya watu, na ya mama yake anaacha ipasuke."

"Sasa atakuja lini kuuchukua?"

"Aje wapi?" akasema Mama, akachota mafuta mengine. "Alhamisi nitampelekea kwake. Nitaketi, nisalimie mgonjwa, ninywe uji wake. Lete hicho kitambaa."